Wasomaji wa Buganda na Nyumba Zao za Kusomea

Yako maneno ambayo mtu huyatumia kila siku pasipo kuuliza yametoka wapi wala yamepita mikononi mwa nani. Neno kusoma ni mojawapo. Sisi tuliokulia penye shule twadhani maana yake ni moja tu, yaani kutazama maandiko na kuyafahamu. Lakini mzee wa pwani akisema ya kuwa jana usiku watu walisoma nyumbani kwa fulani, hana maana ya kuwa kila mtu alikaa na kitabu chake. Maana yake ni kwamba watu walikusanyika, wakasoma hitima kwa ajili ya marehemu, au wakasoma Maulidi. Na katika mkutano ule walikuwamo waliojua herufi na wasiozijua, na wote husemwa wamesoma. Askofu Edward Steere wa Unguja, alipokusanya maneno ya Kiswahili katika karne ya 19, aliziona maana hizi mbili, akaandika ya kuwa kusoma ni kutazama maandiko, tena ni kufanya ibada.

Katika makala hii twataka kulifuata neno hili kutoka pwani mpaka Buganda, kwa kuwa huko lilipata kuwa jina la watu. Wale waliojiunga na dini mpya waliitwa kwa Kiganda abasomi, ndio wasomaji, na kuingia dini kuliitwa okusoma, ndiko kusoma. Wenyeji walipotaka kujua kama mtu amekwisha kuacha desturi za zamani, waliuliza kama asoma. Twataka kueleza mtu alijiungaje na kundi hilo, alipata nini na alitoa nini, na kwa sababu gani kundi lile halikufa walimu walipoondoka. Twaona ya kuwa habari hizi zatupasa sisi tufundishao, kwa maana mara nyingi twadhani kusoma ni kazi yetu, na ya kuwa tukiondoka itakoma.

Haki yataka tuanze na Waislamu, kwa sababu wao ndio waliotangulia. Mwaka 1844 Mwarabu mmoja jina lake Ahmed bin Ibrahim alifika katika ua wa Kabaka Suna, akazungumza naye habari za Mungu. Mwanawe Suna, Mutesa, alipotawala, wafanya biashara wa pwani walizidi kuja, na Mutesa mwenyewe akafunga Ramadhani miaka mingi, akajifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu na kusema Kiswahili. Vijana waliomtumikia uani wakafuata. Ndipo neno kusoma lilipoingia Buganda pamoja na kanzu, karatasi na kalamu ya tete, na likaingia na maana zake zote mbili. Mtu aliyesoma alikuwa mtu aliyesali, na mtu aliyesali aliketi pamoja na wenziwe.

Yapata mwaka 1876 baadhi ya vijana hao walikataa kula nyama ya Kabaka, wakisema ya kuwa haikuchinjwa kwa sheria. Tena walikataa kusali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa. Mutesa akaona ya kuwa wamepata bwana mwingine aliye juu yake, akaamuru wauawe, na wengi wao waliuawa Namugongo. Basi watu wa kwanza kufa Buganda kwa ajili ya yale waliyoyasoma walikuwa Waislamu, tena walikufa mahali pale pale ambapo Wakristo walikuja kufa miaka kumi baadaye. Si vema mwalimu wa Kikristo asimulie habari za Namugongo na kuliacha jambo hili.

Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley alifika kwa Mutesa. Alipoondoka alimwachia Kabaka kijana wake mmoja, Dallington Maftaa, aliyefundishwa katika shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja, ili amsomee Maandiko. Kijana huyu hakuwa padre wala shemasi. Kazi yake ilikuwa kusoma tu. Kwa hiyo kabla hajafika mmisionari hata mmoja, Ukristo ulikuwa umekwisha kusikiwa katika ua wa Kabaka kwa sauti ya Mwafrika mwenye kitabu. Juni 1877 wakafika Wamisionari wa C.M.S. wa kwanza, Novemba 1878 akafika Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland, na Februari 1879 wakafika Mapadre Weupe, akiwamo Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera.

Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa. Herufi alizoletewa zilikuwa ndogo, hazikufaa watu wanaoanza, basi alichonga nyingine kubwa za mti kwa mkono wake. Kwa hizo alipiga chapa karatasi za kujifunzia. Siku zile za mwanzo lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wa watu wa uani walikisikia, na Injili zilizofasiriwa na Steere zilikuwa tayari. Hivyo Mganda aliyetaka kusoma alikuwa na milima miwili ya kupanda, mmoja wa herufi na mmoja wa lugha ya kigeni. Walakini walipanda.

Sasa tuangalie jinsi mtu alivyojiunga. Wengi wetu twafikiri ya kuwa alikwenda kwa Mzungu, akaandikwa jina, akapewa kitabu. Mara chache ilikuwa hivyo. Ua wa Kabaka ulikuwa na mamia ya vijana walioletwa na machifu wa kila upande ili watumike na kujifunza adabu. Walilala pamoja katika nyumba zao, wakala pamoja. Kijana mmoja alipopata karatasi, wenziwe waliiona. Usiku, kazi ilipokwisha, waliizunguka penye moto. Mwenye kujua alitamka, na wengine wakamwitikia. Aliyeshika silabi kumi leo alimfundisha kesho yule asiyejua hata moja. Hakuna aliyesema ya kuwa hajastahili kufundisha kwa kuwa hajamaliza kujifunza. Yasimuliwa ya kuwa kwa uchache wa vitabu watu waliketi pande zote za karatasi moja, na wale waliokaa upande wa juu walijifunza kusoma herufi zikiwa zimepinduka, nao walipopewa kitabu chao wenyewe waliona raha kukishika juu chini. Wageni hulicheka jambo hili. Sisi twaona ya kuwa kijana yule aliyekaa upande mbaya angaliweza kwenda zake akalale.

Kwa mfano wa jinsi neno lilivyotembea, tutaje habari za Sembera. Mtu huyu alikuwa mtumwa wa mkubwa mmoja, wala hakuwa miongoni mwa vijana wapendwao wa Kabaka. Alijifunza kusoma kwa wenziwe zaidi kuliko kwa Wazungu. Siku moja ya mwaka 1881 Mackay aliletewa barua ndogo. Iliandikwa kwa Kiswahili, kwa kijiti cha jani kilichochongwa na kwa wino wa kujitengenezea, na mwandishi ni Sembera mwenyewe. Aliomba abatizwe kwa sababu ameyaamini maneno ya Yesu Kristo. Tuone vema jambo lililo hapa. Mtumwa, asiye na karatasi wala kalamu wala wino, aliandika kwa lugha isiyo ya mama yake, naye hakuombwa na mtu. Tarehe 18 Machi 1882 alibatizwa pamoja na wenzake wanne, nao ndio wa kwanza kubatizwa na C.M.S. katika nchi ile. Akachagua kuitwa Mackay.

Upande wa Wakatoliki mambo yalifanana. Mapadre walibatiza watu wa kwanza Machi 1880, lakini Novemba 1882 waliona ya kuwa hatari imezidi, wakaondoka Buganda, wakakaa kusini ya ziwa mpaka mwaka 1885. Kwa muda wa miaka ipatayo mitatu Wakristo wao hawakuwa na padre, wala misa, wala mtu wa kuwaungamisha. Ilidhaniwa ya kuwa mbegu itakauka. Lakini uani alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewaongoza vijana. Na mbali na mji, huko Mityana, walikuwako Mathias Kalemba, Luka Banabakintu na Noa Mawaggali, waliokusanya watu nyumbani, wakawafundisha yale waliyoyashika. Mapadre waliporudi waliwakuta wasomaji wengi kuliko waliowaacha. Kalemba huyu aliwahi kusali na Waislamu, akapita kwa walimu wa Kiingereza, kisha akakaa kwa Wakatoliki. Katika kila mahali alikuwa anatafuta, na katika kila mahali alikuwa msomaji.

Mwezi Oktoba 1884 Mutesa akafa, na mwanawe Mwanga akatawala, naye kijana bado. Twajua yaliyofuata. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa C.M.S., Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walichomwa moto. Oktoba ya mwaka ule Askofu James Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akija. Novemba Yosefu Mukasa aliuawa kwa kuwa alimkaripia Kabaka juu ya mauaji yale na juu ya mambo aliyowataka vijana wa uani. Halafu Mei 1886 hasira ikawaka tena. Wasomaji wa uani walitengwa na wenzao, wakafungwa, wakapelekwa Namugongo, na tarehe 3 Juni wengi wakachomwa pamoja, Wakatoliki na Waprotestanti katika moto mmoja. Kalemba aliuawa siku chache kabla, kwa kifo cha taratibu. Roberto Munyagabyanjo, ambaye nyumbani mwake wasomaji walizoea kukusanyika, aliuawa pia. Wakristo wa pande zote mbili waliojulikana majina kuwa waliuawa katika miaka ile miwili wafika 45. Ishirini na wawili kati yao, ndio wale wa Katoliki, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964.

Tusisimulie habari hizi kwa haraka kana kwamba ni hesabu. Yafaa tuulize, kwa nini Mwanga alichukia kusoma? Sababu za tabia yake zilikuwako, na hofu ya Wazungu waliokuwa wakikaribia kutoka mashariki ilikuwako. Lakini iko sababu nyingine iliyo ndani ya jambo lenyewe. Katika Buganda kila mtu alikuwa na bwana wake, na bwana ana bwana, mpaka kwa Kabaka. Heshima ilishuka kutoka juu na utii ukapanda kutoka chini. Penye karatasi mambo hayakwenda hivyo. Mtumwa mwenye kujua silabi alimfundisha mwana wa chifu asiyezijua. Mlinzi wa ghala alikuwa kiongozi wa vijana wa ukoo mkubwa kuliko wake. Walikutana usiku bila kuitwa na mkubwa, wakatawanyika bila kuruhusiwa naye. Mfalme mwenye akili angeogopa, hata kama vitabu vile visingetaja dini.

Baada ya moto ule waliobaki hawakuacha. Walisoma usiku wa manane, kwa sauti ndogo, na nyumba ziligeuzwa mara kwa mara. Mwaka 1885, siku za hatari zilipoonekana, Mackay na wenziwe walikuwa wamechagua baraza la wazee wa Kanisa miongoni mwa Waganda wenyewe, ili kazi isisimame kama Wazungu watafukuzwa. Mmoja wa wazee hao alikuwa Henry Wright Duta, aliyebatizwa huko Unguja, ambaye baadaye alisaidia sana kufasiri Biblia. Wakati huo huo Mackay alipiga chapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, karatasi kwa karatasi, na kila karatasi ilipotoka iliondoka usiku. Mwaka 1887 akalazimishwa kuondoka, akafa Usambiro, kusini ya ziwa, Februari 1890. Wasomaji aliowaacha hawakungoja mtu wa kushika mahali pake ndipo waendelee.

Hapa ingekuwa rahisi kumaliza, na wengi humaliza hapa. Lakini mwandishi wa habari za kale hana ruhusa ya kunyamaza pale ambapo habari zinakuwa chungu. Mwaka 1888 Mwanga alitaka kuwaondoa wasomaji wote, Waislamu na Wakristo, wote wakaungana wakamwondoa yeye. Muda wa mwezi mmoja haukupita sana kabla Waislamu hawajawafukuza Wakristo, nao wakakimbilia Nkore. Vita vikaenda na kurudi mpaka Wakristo wakashinda na kumrudisha Mwanga kitini. Basi vyeo vyote vya nchi vikaangukia mikononi mwa wasomaji, na wasomaji wakagawana vyeo. Wakatoliki wakaitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na chifu wa upande mmoja akiondolewa wasomaji wa upande ule walipoteza mashamba yao. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizi mbili zilipigana kwa bunduki huko Mengo. Siku ile Sembera, mtumwa yule mwenye barua ya kijiti cha jani, aliuawa kwa risasi. Hakuuawa na mtesaji, bali katika vita vya wasomaji kwa wasomaji.

Tangu hapo sababu za kujiunga zikabadilika. Zamani mtu aliyekwenda kusoma alijua ya kuwa huenda atakufa; sasa alijua ya kuwa huenda atapata shamba. Chifu alisoma, na watu wake wakasoma kwa kuwa yeye asoma. Vitabu vilipofika kutoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, watu walisongamana mlangoni wakiwa na kauri mkononi hata ikawa kama vita. Katika umati ule walikuwamo wenye njaa ya kweli na waliotaka cheo, wala hakuna mwalimu aliyeweza kuwapambanua kwa macho. Hatusemi haya ili kuwahukumu. Mtu aweza kuja kwa ajili ya shamba akanaswa na neno. Lakini kundi ambalo mlango wake umekuwa mpana namna hii lahitaji kitu kingine cha kulishika, kwa maana hatari iliyokuwa ikilishika imekwisha.

Kitu hicho, kwa kadiri tuonavyo, kilikuwa zile nyumba za kusomea. George Pilkington, Mwirlandi aliyefika Mengo mwisho wa mwaka 1890, alikuwa mjuzi wa lugha kuliko wenziwe wote. Mwaka 1893 moyo wake ulilegea kwa kuona wingi wa watu na udogo wa matunda. Akaenda peke yake kisiwa cha Kome, na aliporudi Desemba kulifanyika mikutano mikubwa ya toba, ambamo watu wenye sifa njema waliungama mbele ya wote. Lililodumu kuliko mikutano ile ni mpango uliofuata mwaka 1894. Badala ya kuwaita watu wote waje Mengo, nyumba ndogo za matete na majani zilijengwa vijijini, na kila nyumba ikawekewa mwalimu Mganda. Nyumba hizo wakaziita sinagogi, kwa jina la nyumba ambazo Wayahudi walikuwa wakisomea torati. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao, wakamlisha mwalimu kwa ndizi zao. Fedha ya Ulaya haikuingia.

Januari 1896, akisema mbele ya mkutano huko Liverpool, Pilkington alitoa hesabu ya kazi. Alitaja nyumba 200 zilizojengwa na wenyeji, walimu 200 wanaotunzwa na Kanisa la wenyeji, nakala 10,000 za Agano Jipya mikononi mwa watu, na watu 6,000 wanaokuja kufundishwa kila siku. Ni hesabu za mtu aliyeipenda kazi yake, na asomaye na azipime. Lakini hata tukizipunguza nusu, twaona jambo ambalo halikufanywa na Wazungu, kwa maana Wazungu katika nchi walikuwa wachache mno.

Ndani ya sinagogi watu waliketi chini. Mzee aliketi karibu na mtoto, na mke wa chifu karibu na mjakazi. Wa kwanza walisoma karatasi iliyoitwa mateka, yenye silabi, Sala ya Bwana na Amri Kumi. Waliomaliza waliingia katika Injili ya Mathayo. Kila kundi lilisoma kwa sauti, kila moja mahali pake, hata mgeni akadhani ni fujo. Katika C.M.S. aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza aweze kusoma Injili, isipokuwa vipofu na wazee sana. Wakatoliki hawakuweka sharti hilo. Waliwafundisha watu kwa masikio, wakawangojesha muda wa miaka minne kabla ya kuwabatiza. Kila njia ilikuwa na faida yake. Njia ya kwanza ilimpa mtu ufunguo mkononi. Njia ya pili haikumwacha nje bibi ambaye macho yake yamechoka.

Mwaka 1896 Biblia nzima kwa Kiganda ilitoka. Waganda na Wazungu husimulia mpaka leo ya kuwa ilipigwa chapa kwa umbo dogo, nene, ili iingie ndani ya mkebe wa biskuti, isiliwe na mchwa. Pilkington aliuawa Desemba 1897 katika maasi ya askari wa Kisudani. Lakini sinagogi zilituma watu mbali. Apolo Kivebulaya, aliyekuwa askari kabla ya kuwa mwalimu, alikwenda Toro, kisha mwaka 1896 akashuka Mboga, katika nchi ya Kongo, akasoma na watu huko, akapigwa, akafungwa, akarudi tena, akafa huko huko mwaka 1933. Ham Mukasa, aliyejifunza kusoma akiwa kijana wa uani, aliandika maelezo ya Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Na Apolo Kagwa, aliyepigwa na kujeruhiwa katika mateso ya 1886, aliandika habari za wafalme wa Buganda, zikapigwa chapa mwaka 1901. Hawa ni watu ambao walianza wakiwa wameizunguka karatasi.

Jina lao nalo lilisafiri. Katika nchi ya Wakikuyu Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, na neno ni lile lile la Kiswahili limevaa nguo ya Kikikuyu. Lakini twaona ya kuwa kila lilipokwenda jina hili lilikuwa na ncha mbili. Liliwaita watu waingie, tena likawa ua kati ya waliomo na wasiomo. Msomaji alipoanza kumtazama asiyesoma kama mtu wa gizani, alisahau ya kuwa na yeye alifundishwa silabi ya kwanza na rafiki aliyezijua kumi tu.

Mwisho wake ulikuja kimya. Shule kubwa zilifunguliwa, Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, nazo zilifanya kazi njema ambayo sinagogi isingeweza. Lakini tangu siku hizo kusoma kulianza kuwa kazi ya watoto, yenye darasa, madawati, mitihani na karo. Mtoto aliyesoma kwa bidii alisoma ili awapite wenziwe, na aliyeshindwa alitoka. Mzee aliyekuwa akiketi penye mkeka hakuwa na mahali katika dawati. Neno likabaki, maana yake moja ikapungua.

Ndugu zetu walimu na mapadre, hatudai ya kuwa mambo ya kale yalikuwa mema yote. Tumeonyesha damu iliyomwagwa na wasomaji wenyewe. Lakini twaona ya kuwa kundi lile lilidumu kwa sababu mbili zilizo wazi. Ya kwanza, kitabu kilikuwa kimoja na watu wengi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusoma bila mwenziwe. Ya pili, aliyejua kidogo alihesabiwa kuwa na deni la kidogo hicho. Siku hizi vitabu si haba kama zamani, nasi twashukuru. Katika parokia na mitaa yetu twaanzisha makundi ya kusoma Maandiko, twaandika majina, twachagua mwenyekiti na katibu, na baada ya miezi sita tumebaki watatu. Mara nyingi sababu ni kwamba mmoja asema na wengine wasikiliza, na yule msikilizaji akitoka hana deni kwa mtu.

Tena tunalo ombi kwa ajili ya elimu ya lugha. Katika kila wilaya wako wazee walioanza kusoma chini ya mti au penye baraza ya jirani kabla ya kuingia shule, au waliosimuliwa na babu zao jinsi ilivyokuwa. Waulizwe: karatasi ya kwanza waliiita nini, aliyewafundisha alikuwa nani kwao, na wasioingia waliitwa kwa jina gani. Majibu yaandikwe kwa maneno yao yenyewe, pasipo kuyasahihisha. Maneno hayo hayamo katika kamusi, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.